Wageni Tisa Ndani ya Mashini

Jumatatu, 4 Februari 2002

Siku kubwa! Mwili wote una joto. Si malaria, nimejipima kwa kiganja.

Parokia imepokea katoni la vitabu kutoka Ubelgiji. Limekaa njiani miezi minne. Nimepewa mimi kulifungua, kwa sababu husoma hata maandishi ya kwenye sabuni, na kwa sababu siongei. Ndani: katekisimu ishirini na sita, zote za Kiflemi. Rumonge nzima, labda Burundi nzima, hakuna anayejua Kiflemi. Chini kabisa: kitabu kinene cha kompyuta, kwa Kifaransa, bila jalada. Na kwenye mfuko wa karatasi, ukurasa wa mwisho, diski inayong'aa kama tumbo la samaki mukeke aliyetoka ziwani sasa hivi. Imeandikwa kwamba inaonyesha mbingu ya mahali popote, siku yoyote.

Mahali popote! Siku yoyote! Nilikaa chini juu ya katekisimu.

Kompyuta ya parokia ni moja tu. Iko ofisini kwa Papa Mushagalusa, katibu wa kamati ya watu waliokimbia vita. Yeye mwenyewe alikimbia kutoka Bukavu, kwa hiyo anasema kazi hii aliisomea kwa miguu. Kompyuta ameifunika kitambaa cheupe cha kufuma, chenye ua katikati. Ndani yake mna orodha ya familia zinazopewa maharage na mafuta. Familia mia tatu na kumi na mbili. Lori linakuja Ijumaa.

Nilipokuwa nahesabu katekisimu aliingia Mama Chausiku, muuza mawese aliyekimbia kutoka vilima vya juu ya Gatete mwezi wa kumi na mbili. Siku kamati ilipohesabu watu, alikuwa ameenda ziwani kuchota maji. Aliporudi akakuta hayupo. Alipiga kelele wiki tatu mpaka akaandikwa. Sasa kila Jumatatu anakuja kuomba aonyeshwe jina lake. Papa Mushagalusa anafunua kitambaa, anatafuta, Mama Chausiku anaweka kidole juu ya kioo: namba 287. Anashukuru, "Murakoze", anaenda zake akiwa mrefu kuliko alivyoingia.

Baada ya hapo nilimwuliza Papa Mushagalusa kuhusu diski. Yaani sikumwuliza. Nilimwandikia barua, ingawa alikuwa amekaa mita mbili kutoka kwangu. Aliisoma, akavua miwani.

"Weye Cibalonza. Humu iko watu mia tatu na kumi na mbili. Wamelala. Usiniamushie watu na diski yako."

Nilikubali kwa kichwa. Lakini kitabu nimekuja nacho nyumbani.

Jumanne, 5 Februari

Milio ya bunduki mlimani asubuhi, mbali. Shule iliendelea. Sikusikia somo hata moja kwa sababu nilikuwa na kitabu chini ya dawati.

Sura ya tisa! Sijawahi kusoma kitu kama sura ya tisa!

Inasema hivi. Programu ikiingizwa kwenye kompyuta haikai chumba kimoja kama mgeni mwenye adabu. Inasambaza vitu vyake kila mahali. Faili hapa, faili pale, na nyingine ilizozikuta inazibadilisha kimyakimya. Hata ukiifukuza, inaacha nyayo. Mwenye mashini hajui. Dawa: kabla ya kuingiza programu, andika kila kilichomo. Baada ya kuiingiza, andika tena. Linganisha. Kilichoongezeka utakijua. Kilichopotea utakijua. Kilichobadilika utakijua. Na ukijua, unaweza kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa, kana kwamba hukupita.

Nilifunga kitabu nikatazama ziwa mpaka mwalimu akaniuliza kama ziwa lina jibu.

Kwetu hakuna aliyeandika kabla. Mama huuliza, lile duka la pembeni lilikuwa la nani vile? Baba anasema la fulani, jirani anasema hapana, fulani alikuwa amekwisha hama. Wanabishana mpaka chakula kinapoa. Watu wamekwenda Tanzania, wamerudi Nyanza-Lac, wengine hawakurudi, na hakuna daftari. Lakini mashini unaweza kuiuliza: kabla ya haya ulikuwaje? Na ikajibu!

Mpango wangu, basi. Papa Mushagalusa huenda mkutanoni kila siku saa nane. Mimi hubaki kufuta vumbi na kulinda. Nitaandika faili zote za folda kuu ya mfumo. Nitaingiza diski. Nitaona mbingu. Nitaiondoa diski, nitalinganisha, nitafuta nyayo. Atakuta mashini kama alivyoiacha. Hiyo si kuasi. Watu hawataamka.

Nilianza leo leo. Tatizo: kutazama skrini, kuandika, kutazama tena mahali nilipofika. Dakika arobaini, faili sitini na moja. Chini ya dirisha kompyuta inasema ziko 1,143.

Nahitaji msomaji. Na msomaji ninayemjua ni mmoja. Ole wangu. Djibril!

Djibril ni mtoto wa fundi wa nguo pale sokoni. Wa kwanza darasani. Mimi ni wa pili, kwa nusu alama, na nusu hiyo ilikuwa yangu. Mbele za watu ananiita Madamu Kamusi. Nimemwandikia barua ya siri. Amenijibu uani, kwa sauti, mbele ya watu saba: "Madamu Kamusi, nimekubali! Lakini kiti ni changu, weye utakaa juu ya ndoo."

Jumatano, 6 Februari

Nimekaa juu ya ndoo.

Tumefanya kama imla. Djibril alikunja mikono nyuma kama mwalimu wetu wa Kifaransa, akasoma jina moja moja, na kila nukta akaitamka. Mimi niliandika. Majina gani haya! Hayana irabu. Kama watu waliobanwa mlangoni. Nilisikia heshima kubwa. Kila moja lina kazi yake humo ndani, linaifanya gizani, na hakuna mtu aliyewahi kuliita kwa sauti mpaka leo, ofisini kwa Papa Mushagalusa, Rumonge.

Hizo 1,143 tumezimaliza kwa saa moja na dakika hamsini! Sikutegemea. Djibril ana kipaji, sipendi kukiandika lakini daftari hili ni la ukweli.

Mwishoni nilitaka kuhesabu mistari yangu ili nihakikishe. Djibril akauliza kama simwamini.

Nikaona haya. Sikuhesabu.

Alhamisi, 7 Februari

Sijui nianze wapi. Naanza na saa.

Saa nane na dakika tano: Papa Mushagalusa kaenda. Leo mkutano ni mrefu, wanapanga mambo ya lori. Saa nane na robo: diski imeingia. Mashini ilinguruma kama mtu anayeamka. Djibril alirudi nyuma hatua mbili. Mimi moja tu. (Nimeiandika kwa ajili ya vizazi.)

Programu ikauliza tuko wapi. Rumonge haimo. Nyanza-Lac haimo. Gitaza ndiyo usiseme. Dunia nzima imo, sisi hatumo. Bujumbura imo, basi nilichukua Bujumbura nikaisogeza kusini kidogo, kidogo kama unywele.

Skrini ikawa nyeusi, imejaa nyota.

Djibril alisema imekosea, inaonyesha usiku. Nikasoma maelezo. Haikukosea. Ni nyota zilizo juu ya paa letu sasa hivi, saa nane na nusu mchana, nyuma ya jua. Tulitoka nje tukatazama juu. Buluu tupu, na ndege mmoja juu ya ziwa. Lakini zilikuwepo! Zote! Zinatupita juu kila mchana wakati watu wanaanika samaki wa ndagala, na hakuna anayeinua kichwa. Djibril aliinua kidole, akazihesabu hewani mpaka kumi na moja. Sijawahi kuona.

Tuliporudi ndani nikaandika tarehe: 20 Oktoba 1993. Nilikuwa na miaka saba. Siku ya mwisho ya kabla: kesho yake waliua rais, vita vikaanza. Mbingu ikageuka, ikatulia. Kisha nikaandika 22 Oktoba. Nikatafuta tofauti, kama sura ya tisa inavyofundisha. Kilichoongezeka. Kilichopotea. Kilichobadilika. Nilikwenda polepole, kona hadi kona.

Mwezi tu. Ulikuwa umenenepa kidogo na kusogea. Nyota hakuna iliyotoka, hakuna iliyoingia.

Djibril aliniomba nirudishe tarehe ishirini. Nikarudisha. Akasema kaka yake Abasi aliondoka wiki ile kwenda kununua nyuzi za cherehani. Nyuzi hazijafika mpaka leo. Tuliiacha mbingu hiyo pale muda kidogo, mimi juu ya ndoo, yeye amesimama. Kiti kilikuwa wazi.

Halafu kazi. Programu ilipoambiwa itoke ilitoka yenyewe, kwa adabu. Lakini mimi nimesoma! Najua inaacha nyayo! Safari hii nilisoma mimi kwenye skrini, Djibril akatafuta daftarini na kuweka alama. Majina tisa hayakupatikana daftarini. Wageni tisa! Wameingia na nyota, wamebaki!

Jambo moja la ajabu. Kompyuta, chini ya dirisha, ilisema sasa ziko faili 1,147. Yaani nne zaidi ya juzi. Sisi tumepata tisa. Nimeona ni kosa la kompyuta. Labda imechoka.

Niliwafukuza wote tisa. Wakaenda kwenye Corbeille, kapu la takataka. Mashini ikauliza kama tuwafute humo milele. *Êtes-vous sûr?* Yaani, una uhakika? Djibril akasema bonyeza Oui, maliza kazi. Lakini mimi sijawahi kuwa na uhakika wa kitu chochote maishani. Nikabonyeza Non. Djibril alicheka mpaka akashika ukuta: "Hata mashini unaionea haya!"

Kitambaa nimekirudisha, ua likielekea mlangoni. Kamili! Hakuna atakayejua. Mimi ni mtu wa hatari.

Ijumaa, 8 Februari

Naandika haya nikiwa nimekaa sakafuni, mgongo ukutani.

Saa moja na nusu asubuhi, njiani kwenda shule, nilipita mbele ya ofisi. Kwa bahati. (Si kwa bahati. Nilikwenda kufurahia kazi yangu.) Papa Mushagalusa alikuwa mbele ya mashini, mikono juu ya kichwa. Orodha haifunguki. Programu ya orodha yenyewe haifunguki. Inaonyesha kisanduku kinachosema kuna kitu kinakosekana, programu haiwezi kuanza. Hakisemi ni kitu gani.

"Wamekufa," alisema. "Watu wangu wote."

Nilishika fremu ya mlango. Nikasema moyoni, haiwezekani, nilifukuza wageni tu.

Sikwenda shule. Mara ya kwanza tangu nizaliwe. Naliandika hili kwa hofu.

Orodha ya karatasi iliyopo ni ya mwezi wa kumi na moja. Familia mia mbili na arobaini. Waliokuja baadaye wako ndani ya mashini peke yake. Sabini na mbili. Saa nne lori likafika na wanajeshi wa kulisindikiza. Mkubwa wao akasema saa saba kamili wanageuza, kwa sababu barabara ya Gitaza hufungwa mapema na yeye hataki kukutwa kule. Ambaye jina lake halitasomwa kabla ya saa saba atangoja mwezi wa tatu. Kama lori litakuja.

Kalume wa kamati akapanda juu ya sanduku na kuanza kusoma karatasi ya zamani. Uani kulijaa. Akina mama walikuwa na ndoo, mabeseni, mmoja alikuwa na sufuria iliyotoboka ameiziba kwa sabuni. Saa tano Kalume akamaliza, akakunja karatasi. Waliosomwa wakajipanga. Wale sabini na mbili wakabaki wamesimama na mabeseni yao, hakuna aliyesogea mbele.

Isipokuwa Mama Chausiku.

"Kalume, soma tena."

Kalume akasema amesoma yote. Jina lake halimo, basi yeye ni mgeni, wageni wangoje.

"Mugeni? Mimi?" Alitua beseni chini. "Siku mulihesabu nilikuwa nachota maji. Watoto wako kwenye mukeka, mufuko wangu iko ukutani, sufuria iko motoni inachemuka. Mukapita, hamukuandika. Sasa kwa sababu hamukuandika ndiyo nimefika leo? Angalia sufuria yangu, mutoto weye! Angalia masizi yake! Masizi ya leo haya?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilisimama pale nikiwa nimefungua mdomo.

Masizi!

Daftari langu! Wale tisa hawakuwa wageni kwa sababu wamefika. Walikuwa wageni kwa sababu hatukuwaandika! Mashini ilisema nne. Mashini haikuchoka!

Nilimshika Djibril, ambaye alikuwa ametoroka shule kuja kuona lori. Nikamwuliza kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa sauti, kama aliruka jina lolote Jumatano. Akatazama viatu. Akasema kulikuwa na mahali majina yalifanana sana, tofauti ni namba moja mwishoni, akafikiri ni yale yale yamerudiwa. Kama matano hivi. Alitaka tumalize.

Nikakimbia ndani. Papa Mushagalusa alikuwa bado mbele ya skrini, sasa anasali. Nikataka kusema. Sauti ikagoma, ilikuwa imeishia kwa Djibril. Nikachana karatasi, nikaandika: "Papa, naomba kiti." Akasoma. Akanitazama. Akanipa kiti.

Corbeille. Wote tisa walikuwemo! Mashini ilikuwa imewaweka, kila mmoja na tarehe yake pembeni. Tarehe, ambazo sikuziandika daftarini kwa sababu zilikuwa ndefu! Wanne ni wa mwaka jana. Watano ni wa mwaka 1998, mwaka ule ule wa mashini yenyewe. Wazee wa nyumba. Wamekaa humo tangu mwanzo wakiinua paa, na mimi nimewatupa nje kwa sababu ya imla mbaya.

Niliwarudisha watano, mmoja mmoja. Kwa kila mmoja nilisema pole.

Programu ikafunguka. Orodha ikafunguka. Papa Mushagalusa alitoa sauti ambayo sijui ni ya lugha gani. Akawasha mashini ya kuchapa, ile yenye kelele kama kupasua bati, na karatasi ikaanza kutoka. Saa sita kasoro kumi. Jina, jina, jina. Kwa nini sikujua kwamba hiki ndicho kitu kikubwa kuliko nyota? Watu walikuwa wamesimama uani, na walikuwa wanatoka kwenye mashini pia, mstari kwa mstari. Kalume alipokea karatasi ikiwa bado imeungana na mashini, akasomea dirishani.

Alipofika 287 Mama Chausiku hakujibu "niko". Alisema: "Nilikuwepo!"

Saa saba kasoro dakika nane jina la mwisho lilisomwa. Wanajeshi wakapiga honi. Lori likaondoka tupu.

Jumamosi, 9 Februari

Nimekiri. Kurasa sita, pande zote mbili. Nimeeleza diski, imla, ndoo, wageni, masizi. Nimeambatanisha daftari la 1,143 (yaani 1,138). Nimeiweka mezani kwa Papa Mushagalusa nikatoka mbio.

Mchana Kalume ameniletea jibu. Papa naye ameniandikia! Nilikaa chini kabla ya kufungua.

"Cibalonza. Nimesoma yote. Uliua watu mia tatu na kumi na mbili na uliwafufua. Nimechoka. Usiguse tena mashini. Usiweke diski hata moja, hata kama inatoka kwa Baba Mtakatifu. Vumbi endelea kufuta. P.S. Ile mbingu ya mchana ni kweli?"

Nimeisoma mara nne. Nimelia kidogo mara ya kwanza tu.

Nimeapa. Nimeapa mbele ya picha ya Bikira Maria, na Djibril ameapa kwa dini yake, ili pasiwe na mwanya upande wowote. Sitaingiza kitu chochote ndani ya mashini ile. Nimejifunza. Watu huandikwa polepole, na tarehe zao, na mtu akiwa ameenda kuchota maji unamngoja arudi. Hilo nimeliandika kwa wino mwekundu.

Jumapili, 10 Februari

Baada ya misa nilikwenda kurudisha kitabu kabatini. Mfuko wa ukurasa wa mwisho haukuwa tupu. Nyuma ya mahali pa diski ya nyota palikuwa na diski ya pili, nyembamba, imejificha.

Imeandikwa kwamba inafanya kompyuta yoyote kwenda mbio mara tatu.

Mara tatu! Juzi kuchapa majina kulichukua saa nzima, wanajeshi wakitazama saa. Ikienda mara tatu ni dakika ishirini! Hii si diski kwa ajili yangu. Ni kwa ajili ya Mama Chausiku. Ni kwa ajili ya Papa Mushagalusa mwenyewe, ambaye amechoka, ameandika hivyo kwa mkono wake. Na nilipoapa sikuwa najua kwamba iko.

Zaidi ya hayo, sasa nina ujuzi. Kosa lilikuwa wapi? Djibril alisoma. Kwa hiyo safari hii nitasoma mimi, jina na tarehe, bila kuruka hata nukta. Djibril ndiye ataandika.

Nimemwandikia barua. Amenijibu nje ya msikiti, kwa sauti, mbele ya watu kumi na wawili, kwamba amekubali. Mkutano wa kamati ni kesho saa nane. Daftari jipya ninalo, kurasa tisini na sita, nimelifunika gazeti.

Kitu kimoja nilikisisitiza. Nilimwambia kwamba mwishoni lazima tuhesabu mistari.

Akauliza kama simwamini.

Nikaona haya.